Sura ya 5: Kabla Mlango wa Duka Haujafungwa

Wafanyakazi wa supamaketi za Nyali, Mombasa, wana swali ambalo hawaliulizi mbele ya meneja. Huulizana kwenye matatu ya kurudi Kisauni au Mshomoroni zamu ya usiku ikiisha, au kule nyuma ya stoo wakati wa chai: "Hili duka letu litafika mwakani kweli?" Na ndani ya swali hilo mna jingine lililo zito zaidi. Likifungwa, mimi nitabaki na nini?

Wana sababu ya kuuliza. Pale City Mall ya Nyali, duka kubwa lililowavuta watu lilikuwa Nakumatt. Nakumatt ikaporomoka. Mwaka 2019 ikaingia Shoprite kutoka Afrika Kusini, kwa shangwe na bei za ufunguzi. Mwaka uliofuata Shoprite ikatangaza kwamba inaondoka Kenya kabisa, na 2021 ilipoanza ilikuwa inamalizia kufunga virago. Keshia aliyetoka kwenye duka la kwanza akaajiriwa na la pili angeweza kupoteza kazi mara mbili bila kubadilisha kituo anachoshukia asubuhi.

Jibu ninalotaka kulitetea katika sura hii ni kwamba supamaketi haifi kwa siku moja. Tangu rafu ya kwanza ibaki wazi hadi mlango utiwe kufuli, hupita miezi, na pengine zaidi ya mwaka. Karibu kila jambo la maana ambalo mfanyakazi anaweza kujifanyia, hulifanya ndani ya miezi hiyo, akiwa bado na beji kifuani na mshahara unaingia, hata kama unachelewa. Mlango ukishafungwa, yeye ni mmoja tu katika foleni ndefu ya wanaodai.

Duka linaloishi kwa mali ya watu

Ili ujue dalili, ni lazima kwanza ujue duka kubwa linavyopumua. Wengi wetu hudhani kwamba mwenye supamaketi amenunua kila kilicho ndani. Sivyo. Kampuni ya sabuni huleta katoni zake leo, na hulipwa baada ya siku 30, 60, au hata 90. Mteja naye hununua sabuni ile kesho na kulipa papo hapo. Kwa hiyo kwa wiki kadhaa fedha za kampuni ya sabuni zimo mikononi mwa duka. Wanaoleta bidhaa kwa mtindo huu huitwa wagavi, na mali yao ndiyo inayojaza rafu.

Mpango huu si wizi. Ndivyo biashara hii inavyoendeshwa duniani kote. Hatari huja pale fedha za wagavi zinapotumika kufungulia matawi mapya, au kulipia riba ya benki, badala ya kumlipa mwenyewe siku yake ikifika. Mauzo yakipanda, pengo halionekani. Yakisimama mwaka mmoja tu, pengo linakuwa shimo.

Nakumatt ilianzia Nakuru, ikiuza magodoro na nguo, ikakua hadi kuwa na matawi zaidi ya 60 Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda. Mwaka 2014 ilinunua hata maduka ya Shoprite yaliyokuwa Tanzania. Miaka mitatu baadaye rafu zake zilikuwa tupu na madeni yalipita shilingi bilioni 30. Januari 2018 Mahakama Kuu iliiweka chini ya msimamizi, Peter Kahi. Januari 2020 wadai walipiga kura kampuni ivunjwe, na matawi sita yaliyobaki yakauzwa kwa Naivas kwa shilingi milioni 422. Kabla yake Uchumi, iliyoanzishwa na serikali mwaka 1975, ilifunga milango 2006, ikafufuliwa, kisha Oktoba 2015 ikayafunga maduka yake ya Uganda na Tanzania. Tuskys ilianza kuyumba waziwazi mwaka 2020, ikafunga tawi moja baada ya jingine.

Nimeyaeleza haya kwa sababu nimewasikia watu waliofutwa wakijilaumu. Mmoja atasema angechangamka zaidi, mwingine kwamba siku ile asingegombana na supavaiza. Ndugu yangu, hakuna keshia aliyeiangusha Nakumatt. Hakuna mpangaji rafu aliyekopa mabilioni. Uamuzi ulifanyika kwenye ofisi ambazo wengi wa wafanyakazi hawakuwahi hata kuingia, na ukilibeba kosa lisilo lako hutapata nguvu ya kudai kilicho chako.

Dalili ya mvua ni mawingu

Mfanyakazi wa chini huona kabla ya gazeti, na mara nyingi kabla ya benki. Simama mbele ya rafu ya mafuta ya kupikia. Zamani kulikuwa na aina sita, za lita moja hadi mitungi ya lita ishirini, zimepangwa kina cha chupa tano kwenda ndani. Sasa ipo aina moja, au mbili. Umeagizwa uvute chupa zote mbele zifuate ukingo wa rafu, lebo zimtazame mteja, ili kwa mbali rafu ionekane imejaa. Ukipeleka mkono nyuma ya safu ile ya kwanza, unagusa bati. Upande wa pili wa njia, karatasi za choo na chupa za maji zimetandazwa rafu nzima, mahali palipokuwa pa nafaka za watoto na majani ya chai.

Kisha tazama watu. Mechandaiza, yaani wale vijana wanaopanga bidhaa za kampuni moja tu na kulipwa na kampuni hiyo, huanza kupungua. Kampuni isiyolipwa haileti mali, na isiyoleta mali haina haja ya mtu wa kuipanga. Mechandaiza wa maziwa akikuaga kwamba amehamishiwa duka jingine, amekupa habari kubwa kuliko anavyojua.

Dalili nyingine za kuangalia ni hizi:

- Lori linafika, lakini dereva hashushi mzigo mpaka apigiwe simu kwamba fedha zimeingia.
- Mshahara uliokuwa ukiingia tarehe 28 sasa ni tarehe 5, kisha 12, kisha nusu.
- Friza mbili zimezimwa na kufunikwa, na kiyoyozi hakiwashwi hata mwezi wa Februari.
- Wafanyakazi wa tawi lililofungwa kwingine wanaletwa kwenu, ilhali wateja ni wachache.
- Makato yanaonekana kwenye pesilipi, lakini hayajafika kwenye mfuko wa uzeeni wa NSSF, bima ya afya ya SHA au kwenye sako yenu, yaani chama cha akiba na mikopo.

Hii ya mwisho ndiyo mbaya kuliko zote, na ndiyo isiyoonekana kwa macho. Fedha imeshatoka kwenye mshahara wako. Ukidhani iko salama sako, kumbe imelipia umeme. Utaigundua siku unapoomba mkopo wa karo na kuambiwa akaunti yako ina mapengo ya miezi minane.

Tahadhari moja. Dalili peke yake isikutie kiwewe. Sukari ikiadimika nchi nzima, itaadimika na kwenu. Meli ikichelewa bandarini, mchele utachelewa kwa kila mtu. Pita kwenye duka jirani ukalinganishe. Likiwa lao limejaa na lenu ni tupu, na dalili tatu au nne zimekaa zaidi ya miezi miwili, basi acha kubahatisha na uanze kujipanga.

Kwa ufupi: rafu, lori, tarehe ya mshahara na rekodi za makato. Hivyo vinne vinakueleza hali ya kampuni kuliko kikao chochote cha wafanyakazi.

Wewe umeajiriwa na nani hasa?

Swali hili laonekana la kitoto, lakini ndipo watu wengi hupotea. Chini ya paa moja la supamaketi, watu wanaovaa karibu sare moja huwa na waajiri tofauti. Wapo walioajiriwa na duka lenyewe. Wapo walioletwa na wakala, yaani kampuni inayokodisha wafanyakazi: walinzi, wasafishaji, na siku hizi hata makeshia. Wapo mechandaiza wa kampuni za bidhaa. Na wapo vibarua wanaolipwa kwa siku, wengi wao wakiwa stoo.

Duka likifungwa, kila kundi linadai mahali pake. Aliyeletwa na wakala hana pesilipi ya duka, hivyo dai lake ni kwa wakala, na wakala hawezi kusema "duka limefungwa" akaosha mikono. Soma jina la juu kabisa kwenye pesilipi yako au kwenye ujumbe wa M-Pesa unaoleta mshahara. Jina hilo ndilo utakaloandika kwenye barua ya madai.

Vibarua nao wanastahili kujua jambo ambalo wengi hawaambiwi. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 37, inasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa muda usiopungua mwezi mmoja, au aliyepewa kazi isiyoweza kumalizika ndani ya miezi mitatu, huhesabiwa kama mfanyakazi wa mwezi. Ukibeba magunia stoo kwa miaka miwili ukilipwa kila Jumamosi, wewe si "wa leo kesho hayupo", hata kama ndivyo wanavyokuita. Shida ni ushahidi. Jumbe za malipo kwenye simu, picha ya daftari la mahudhurio, namba za wenzako mliokuwa zamu moja, vyote hivyo vihifadhi.

Sheria inasemaje ukipunguzwa

Kupunguzwa kazi si sawa na kufukuzwa. Anayefukuzwa anatuhumiwa kosa. Anayepunguzwa hana kosa lolote. Nafasi yake ndiyo iliyoondolewa kwa sababu duka limefungwa, limeuzwa au limeamua kubaki na watu wachache. Tofauti hii ina thamani ya fedha, kwa hiyo usikubali karatasi inayochanganya mambo hayo mawili.

Kifungu cha 40 cha sheria hiyohiyo kinamtaka mwajiri atoe taarifa ya angalau mwezi mmoja kabla, akieleza sababu na idadi ya watakaoondoka. Kama wewe ni mwanachama wa chama cha wafanyakazi, taarifa inakwenda kwa chama na kwa afisa wa kazi wa eneo. Kama si mwanachama, unaandikiwa wewe mwenyewe, na afisa wa kazi anapewa nakala. Katika kuchagua nani aondoke, mwajiri anatakiwa kuangalia muda wa utumishi, ujuzi, uwezo na uaminifu wa kila mtu. Si nani anasalimiana vizuri na meneja.

Malipo ya chini kabisa ni haya: notisi ya mwezi mmoja au mshahara wa mwezi badala yake, siku za likizo unazodai, kwa fedha taslimu, mshahara wa siku ulizofanya kazi, na fidia ya kupunguzwa, ambayo ni mshahara wa siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka uliokamilisha. Mkataba wa chama ukitoa zaidi, unachukua hicho kilicho zaidi.

Tufanye hesabu. Tuseme dada mmoja wa Bombolulu ni keshia, mshahara wake ni shilingi 24,000, amekamilisha miaka sita na anadai siku kumi za likizo. Tukigawanya mshahara kwa siku 30, siku moja ni shilingi 800. Fidia yake ni 800 mara 15 mara 6, yaani shilingi 72,000. Notisi ni 24,000. Likizo ni 8,000. Jumla shilingi 104,000, kabla ya kodi na mshahara wa mwezi unaoendelea. Akiitwa ofisini na kupewa 30,000 pamoja na maneno matamu, sasa anajua kiasi anachoombwa akisahau. Chukua kalamu ufanye hesabu yako leo, uiandike mahali.

Yapo mambo manne ambayo huwanasa watu wakati huu, na kila moja huja kwa sauti ya upole.

La kwanza ni karatasi ya "sina dai lolote". Ukiweka sahihi hapo kabla hujalipwa chote, umejifungia mlango mwenyewe. Omba nakala, omba siku mbili uisome, umwonyeshe mtu wa chama. Mwajiri mkweli hatakasirika.

La pili ni kuombwa ujiuzulu "kwa hiari" ili "faili lako libaki safi". Aliyejiuzulu hana fidia ya kupunguzwa. Kama nafasi yako imeondolewa, waache waandike hivyo.

La tatu ni likizo isiyo na malipo wala tarehe ya mwisho. Inahitaji ridhaa yako. Ukikubali, ikubali kwa maandishi yenye tarehe ya kurudi. La sivyo unaweza kukaa nyumbani mwaka mzima ukiwa si mfanyakazi wala si mtu aliyepunguzwa.

La nne linahitaji kuelezwa kwa urefu kidogo, kwa kuwa linakuja likiwa limevaa sura ya habari njema. Duka jipya linachukua jengo, linasema litawaajiri waliokuwapo. Watu hufurahi, na wana haki ya kufurahi. Lakini sheria ya Kenya haina kifungu kinachohamisha ajira yako moja kwa moja kutoka kwa mwenye duka wa zamani kwenda kwa mpya. Unapotia sahihi mkataba mpya, kwa kawaida miaka yako inaanza sifuri. Miaka kumi uliyomtumikia wa kwanza inabaki kuwa deni la wa kwanza. Kwa hiyo kabla ya kuvaa sare mpya, hakikisha ama umelipwa ile kumi, ama mkataba mpya umeandika wazi kwamba inahesabiwa. Swali hilo ulizeni kwa pamoja, mkiwa kundi. Mtu mmoja akiuliza peke yake huonekana msumbufu.

Kama umeondolewa bila hayo kufuatwa, peleka malalamiko kwa afisa wa kazi ndani ya miezi mitatu. Kesi mahakamani ina muda wa miaka mitatu. Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi inakaa Mombasa, na mahakimu walioteuliwa wanaweza kusikiliza madai ya watu ambao mshahara wao hauzidi shilingi 80,000 kwa mwezi, ambamo wengi wa supamaketi tumo. Mahakama ikiona umeonewa inaweza kuamuru ulipwe hadi mishahara ya miezi 12.

Foleni ya wanaodai

Hata hivyo, haki iliyoandikwa na fedha iliyomo mkononi ni vitu viwili. Kampuni ikishindwa kabisa kulipa, mahakama inaweza kuteua msimamizi, yaani mtu wa kuiendesha kwa muda akijaribu kuiokoa, kama ilivyofanyiwa Nakumatt. Ikishindikana huja mfilisi, ambaye kazi yake ni kuuza kilichobaki na kugawa.

Katika mgao huo, benki yenye dhamana maalumu hushika dhamana yake. Gharama za ufilisi hulipwa. Kisha Sheria ya Ufilisi ya mwaka 2015 inawapa wafanyakazi kipaumbele, mbele ya kodi na mbele ya wagavi, kwa mishahara ya miezi minne ya mwisho na baadhi ya malipo mengine, lakini kwa kila mtu kiasi kisizidi shilingi 200,000. Kinachobaki juu ya hapo, unasimama mwisho wa foleni pamoja na kampuni za unga.

Na mle dukani mara nyingi hakuna cha kuuza. Jengo ni la kukodi. Mwenye jengo anayedai kodi ameshaleta dalali. Rafu na friza huuzwa kwa bei ya vyuma. Ndiyo maana nakazania miezi ile ya kabla. Dai la mwezi mmoja wa mshahara uliochelewa, likisukumwa na chama huku duka bado linauza, lina nafasi kubwa ya kulipwa kuliko dai la miezi saba lililowasilishwa kwa mfilisi miaka miwili baadaye. Msiache malimbikizo yakue kwa kumwonea tajiri huruma.

Chama kinachowahusu wengi wa sekta hii ni KUCFAW, cha wafanyakazi wa biashara na vyakula. Najua malalamiko yaliyopo juu ya vyama, na baadhi nayakubali. Bado sijaona njia nyingine ambayo watu mia moja wa mshahara mdogo wanaweza kuketi meza moja na mawakili wa kampuni.

La kufanya ukiwa bado na beji

Anza na karatasi. Toa nakala ya mkataba wako, pesilipi za mwaka mzima, barua za kupandishwa cheo, vyeti vya mafunzo ya usalama wa chakula au bekari. Zitunze nyumbani au kwenye barua pepe yako. Zilizo kwenye kompyuta ya ofisi si zako. Siku umeme ukikatwa huzioni tena. Omba pia taarifa ya michango yako NSSF, ukilinganisha mwezi kwa mwezi na pesilipi. Usitegemee, hata hivyo, kwamba NSSF itakulipa kwa kuwa umefutwa kazi ukiwa na miaka 32. Fedha zile ni za uzeeni, na Kenya haina bima ya kumlipa aliyepoteza ajira.

Bima ya afya ndiyo inayosahaulika. Tangu Oktoba 2024, SHA ilipochukua nafasi ya NHIF, anayelipwa mshahara hukatwa asilimia 2.75. Ukitoka kazini makato hayo yanakoma, na inakubidi ujisajili kama mtu asiye na mshahara, ambapo mchango wa chini ni shilingi 300 kwa mwezi na unatakiwa kulipwa wa mwaka mzima kwa pamoja. Tenga fedha hiyo mapema, hasa kama kuna mjamzito au mtu wa kisukari nyumbani.

Kisha madeni. Mkopo wa sako uliodhaminiwa na wenzako wa dukani ni hatari ya kipekee, maana duka likifungwa mdhamini na mdhaminiwa wanapoteza mshahara siku moja. Punguza huo kwanza. Mikopo ya simu iache kabisa: ya wiki moja hugeuka kuwa ya miezi. Kwenye chama cha mzunguko, kama zamu yako ya kupokea iko mbali, zungumza na mweka hazina mapema mpunguze kiasi au mbadilishane zamu. Kukimbia chama kimyakimya huvunja udugu ambao utauhitaji sana baadaye.

Nyumbani semeni ukweli

Wapo wanaume walioendelea kutoka nyumbani asubuhi wamepiga pasi shati la kazi, wakakaa bustani ya Mama Ngina au kwenye viti vya hospitali mpaka jioni, ili mke asijue. Naelewa uchungu uliowafikisha hapo. Lakini kila siku ya kuficha ni siku ambayo nyumba inatumia fedha isiyokuwepo. Mke angeweza kuanza kukaanga bajia jioni. Mtoto wa sekondari angeombewa basari kabla ya muda wake kupita. Mwenye nyumba akielezwa tarehe mosi, kabla hajaja kudai, mara nyingi atakubali nusu kwa mwezi au miwili.

Mwambie mwenzio ukiwa na karatasi ya hesabu mkononi: kilichopo, kinachotarajiwa, kinachodaiwa, na ni miezi mingapi mnaweza kwenda. Hofu yenye tarakimu hupungua makali. Watoto nao waelezwe kwa kadiri ya umri wao. Wanaona mkate umepungua, na wasipoambiwa sababu watajitungia iliyo mbaya zaidi.

Ujuzi ulio nao unanunuliwa wapi

Mtu wa supamaketi hudharau anachokijua. Kuhesabu stoo, kusoma tarehe za mwisho wa matumizi, kuzungusha mali ya zamani itoke kwanza, kufunga hesabu za till bila kupungukiwa: haya yanahitajika mahali pengi.

Hoteli za Nyali na Bamburi zinahitaji watunza stoo, wapishi wa mikate na wakata nyama. Jua tu kwamba hoteli hujaa Desemba na kupwa kati ya Aprili na Juni, msimu wa mvua za masika. Ukiingia Novemba, uliza mkataba unakwisha lini. Maduka ya jumla na minimati za mitaani nazo hutafuta mtu wa kupanga mali na kusimamia till, na ingawa mshahara ni mdogo, mwenye duka yuko karibu na unaona kwa macho kama mambo yanakwenda.

Soko la Kongowea liko hapo hapo. Wengi huchukua fidia yote, wakanunua magunia ya vitunguu au machungwa yanayotoka Tanzania, wakidhani kujua bei ya rejareja kunatosha. Hakutoshi. Mali hushuka usiku, bei hubadilika kabla ya jua kuchomoza, na machungwa hayangoji. Kabla ya kuweka shilingi yako, fanya kazi na mtu wa soko kwa wiki kadhaa, hata kwa malipo ya kibarua. Na ukianza, anza na sehemu ndogo ya fidia. Nyingine ni ya chakula na kodi ya nyumba.

Wengine hutazama Ghuba, ambako maduka makubwa huajiri Wakenya. Ni njia ya kweli, na imewajengea watu nyumba. Lakini hakikisha wakala amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, NEA, na usitoe fedha ya "viza" kwa mtu unayemjua kwa WhatsApp tu. Mtu aliyetoka kupokea fidia ndiye matapeli wanayemtafuta.

Ukiajiriwa tena dukani

Wengi watarudi kwenye supamaketi nyingine, na hakuna ubaya. Naivas imepanuka, Carrefour imefika Nyali, na mtu aliyepikika kwenye kazi hii hupendwa. Siku ya kuondoka kule ulikotoka, dai cheti cha utumishi. Sheria inamlazimisha mwajiri akupe, kikionyesha tarehe ulizoanza na kumaliza na aina ya kazi, hata kama mmeachana vibaya. Kwenye usaili, ukiulizwa kwa nini ulitoka, jibu kwa sentensi moja: "Tawi lilifungwa." Kisha endelea kueleza ulichokuwa ukifanya.

Na kabla ya kutia sahihi, wewe pia uliza. Nitaajiriwa na duka au na wakala? Mkataba ni wa muda gani? Mshahara huingia tarehe ngapi, na miezi sita iliyopita uliingia tarehe ngapi? Swali hilo la mwisho usimuulize anayekusaili. Nenda mlango wa nyuma asubuhi malori yanaposhusha, umuulize mechandaiza yeyote, pamoja na kama kampuni yake bado inaleta mzigo kwa mkopo au inataka fedha kwanza.